Hatari!: Filamu ya Momela iliyopigwa Tanganyika ikiusubiri uhuru

Momela, chini ya Mlima Meru mkoani Arusha, ni mojawapo ya sehemu ilikopigwa Hatari!, filamu ya Marekani yenye jina la Kiswahili. Picha zilichukuliwa mwishoni mwa 1960 na mapema 1961, na filamu ikatolewa 1962. Katikati ya miaka hiyo, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ikawa nchi huru. Lakini mtazamaji wa filamu hiyo hawezi kulijua hilo.

Inahusu nini?

Mwongozaji alikuwa Howard Hawks. John Wayne anaigiza Sean Mercer, kiongozi wa kundi la Wazungu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Kambini anafika mpiga picha wa kike, Dallas, anayeigizwa na Elsa Martinelli wa Italia. Mapenzi ya wawili hao na purukushani za kufukuza vifaru na twiga ndiyo yanayobeba hadithi kwa zaidi ya saa mbili na nusu.

Wanyama walikamatwa kwelikweli, na waigizaji wenyewe walikuwa juu ya magari. Dallas analea watoto wa tembo, anapewa jina la Mama Tembo, na mwishoni tembo hao wanamsaka katika mitaa ya mji wa Arusha. Muziki wa Henry Mancini wa tembo hao bado unapigwa hadi leo.

Waafrika wamo, ila kama wasaidizi wa kambi na wenyeji wa pembeni. Hakuna hata mmoja mwenye hadithi yake.

Nje ya kamera

Septemba 1960 Julius Nyerere alikuwa ameshaunda serikali akiwa Waziri Kiongozi. Tarehe 1 Mei 1961 nchi ikapata madaraka ya ndani. Usiku wa kuamkia uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge juu ya Kilimanjaro, mlima unaoonekana kutoka Momela anga likiwa safi.

Karibu zaidi kulikuwa na jeraha la ardhi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru karibu 3,000 kutoka Ngarenanyuki, jirani na Momela, ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto.

Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha na kumtuma Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, wakisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa umoja huo, kwa hiyo wananchi walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko. Azimio la kuwarudishia ardhi halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu, lakini kesi hiyo iliwaonyesha watu wa maeneo mengine kwamba mkoloni anaweza kushitakiwa mbele ya dunia. TANU ilianzishwa miaka miwili baadaye, 7 Julai 1954.

Baada ya filamu

Mwigizaji Mjerumani Hardy Krüger aliipenda Momela, akanunua shamba huko na kulimiliki hadi miaka ya 1970. Leo kuna nyumba ya wageni inayoitwa Hatari, na maziwa ya Momela yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanza 1960 kwa jina la Ngurdoto.

Ndiyo maana mgeni wa Momela husikia kwanza habari za John Wayne. Anayetaka kuiona nchi ilivyokuwa, mbuga na wanyama wake, Hatari! itamfaa. Anayetaka kuwajua watu waliokuwa wakiishi humo na walichokidai, asome The Meru Land Case, kitabu cha Japhet na Seaton kilichochapishwa 1967.