Jinsi teknolojia ya dijitali inavyochochea uwekezaji katika mazingira

KWA muda mrefu, kampuni nyingi zilichukulia uhifadhi wa mazingira kuwa gharama isiyo na faida. Teknolojia ya dijitali imebadilisha hesabu hiyo, na mfano ulio wazi uko papa hapa Kenya.

Kabla ya 2007, aliyetaka kuuza mitambo ya sola mashambani alikumbana na vizuizi viwili. Wanunuzi wengi hawakumudu kulipa bei yote kwa mkupuo mmoja. Kuwakopesha nako kulikuwa hasara, kwani gharama ya kumtuma karani kukusanya malipo madogo madogo ingemeza faida yote. Familia zikaendelea kununua mafuta taa na kuvuta moshi wake.

Mnamo Machi 2007, Safaricom ilizindua huduma ya M-Pesa. Nick Hughes, aliyeshiriki kuibuni akiwa katika kampuni ya Vodafone, baadaye aliungana na wenzake kuanzisha M-KOPA, iliyoanza kuuza mitambo ya sola kwa mkopo mwaka wa 2012. Mteja hutoa arbuni, kisha hulipa kidogo kidogo kwa simu. Mtambo wenyewe huwa na kadi ya simu. Anayelipa huwashiwa, asiyelipa huzimiwa. Akikamilisha deni, mtambo huwa mali yake.

Rekodi za malipo hayo ndizo zilizowavutia wenye mitaji. Mkopeshaji aliye ng'ambo anaweza kuona jinsi wateja wanavyolipa, na hivyo kupima hatari kabla ya kutoa fedha zake.

Aidha, teknolojia huonyesha mahali kawi inapopotea. Mwaka wa 2016, Google ilitangaza kuwa programu ya akili bandia ya DeepMind ilipunguza kwa hadi asilimia 40 umeme uliotumika kupoza mitambo katika vituo vyake vya data. Penye akiba ya namna hiyo, mkurugenzi hahitaji kubembelezwa ili awekeze.

Hata hivyo, mgala muue na haki mpe. Ripoti ya Google ya 2024 ilionyesha kuwa gesi chafu zilizotokana na shughuli zake zilikuwa zimeongezeka kwa asilimia 48 kati ya 2019 na 2023, sababu moja ikiwa umeme unaotumiwa na vituo hivyo. Isitoshe, mwaka wa 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kutumiwa upya kwa njia rasmi. Betri na taa za sola zilizoharibika huongeza lundo hilo.

Nchini Kenya, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawawajibisha wazalishaji kwa bidhaa zao hata baada ya kutumika. Kwa hivyo, kampuni inayojitangaza kuwa rafiki wa mazingira haina budi kupimwa pia kwa betri kuukuu inazozikusanya, wala si kwa idadi ya mitambo iliyouza pekee.