Je, gari la dizeli laweza kulifikia la petroli kwa kasi?

Mabishano kuhusu dizeli na petroli ni ya zamani miongoni mwa mafundi na madereva. Wa upande mmoja husema dizeli ni ya malori na mabasi, haina mbio. Wa upande wa pili hujibu kwamba gari la dizeli likishapata mwendo, hata mlima haulisumbui. Makala haya yanaeleza ni wapi kila upande una haki, na jibu hilo lina maana gani kwa anayetaka kununua gari katika mji wa vilima kama Kigali.

Jibu kwa ufupi ni hili: magari ya dizeli yamewahi kuyashinda ya petroli, tena mara nyingi na katika mashindano makubwa. Lakini pale magari mawili yanapolingana kwa umbo na ukubwa wa injini, la petroli ndilo hutangulia kwa kasi ya juu kabisa.

Kwa wakazi wa Kigali, suala hili lina mfano wa karibu. Tarehe 27 Juni 2018, kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilizindua kiwanda cha kuunganisha magari katika Eneo Maalumu la Kiuchumi huko Masoro, wilayani Gasabo. Uwekezaji wa awali ulitajwa kuwa dola milioni 20, na uwezo wa kiwanda kuwa hadi magari 5,000 kwa mwaka. Kundi la Volkswagen, ambalo lina chapa za Audi na Porsche, limelijibu swali la dizeli na petroli kwa vitendo kuliko makampuni mengi duniani. Limeshinda kwa dizeli, likashinda kwa petroli, likaingia katika kashfa kwa sababu ya dizeli, kisha likageukia umeme.

Moto wa aina mbili

Katika injini ya petroli, mchanganyiko wa hewa na mafuta hubanwa ndani ya silinda, kisha cheche ya plagi huuwasha. Katika injini ya dizeli hakuna cheche. Hewa peke yake hubanwa kwa nguvu mpaka ipate joto kali, na dizeli inaponyunyizwa humo huwaka yenyewe. Hiyo ndiyo kanuni ya Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanyiwa majaribio yenye mafanikio mwaka 1897.

Tofauti hiyo ina matokeo matatu. Kwanza, injini ya dizeli lazima iwe imara ili istahimili mbano huo mkubwa, na uimara huo huongeza uzito. Pili, kwa kuwa dizeli huanza kuchanganyika na hewa pale tu inaponyunyizwa, huhitaji muda zaidi ili iungue yote. Kwa hiyo injini nyingi za dizeli za magari madogo hufikia kikomo chake karibu na mizunguko 5,000 kwa dakika, ilhali za petroli huvuka 6,000 bila shida, na zile za magari ya mbio huenda mbali zaidi. Tatu, dizeli hutoa nguvu kubwa ya kuzungusha magurudumu hata injini inapozunguka polepole.

Hapa ndipo mabishano mengi hupotea njia, kwa kuwa nguvu ya kuzungusha na nguvu ya injini kwa jumla ni vitu viwili. Nguvu ya injini, ile inayohesabiwa kwa nguvu za farasi, hutokana na nguvu ya kuzungusha ikizidishwa kwa wingi wa mizunguko. Dizeli ina kipimo kikubwa cha kwanza na kidogo cha pili. Petroli mara nyingi huwa kinyume chake. Dereva wa dizeli huhisi msukumo mkubwa mgongoni mapema, akadhani gari lake ndilo lenye mbio zaidi. Wa petroli husubiri injini ipande mizunguko, kisha hupita.

Golf mbili, umbo moja

Mfano ulio wazi ni Golf ya kizazi cha saba, iliyoingia sokoni Ulaya mwanzoni mwa muongo uliopita. Volkswagen iliiunda kwa sura mbili za kimichezo: GTI ya petroli na GTD ya dizeli. Zote mbili zilikuwa na injini ya lita 2 yenye turbo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya silinda.

GTD ilikuwa na nguvu za farasi 184 na nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 380. GTI ilikuwa na nguvu za farasi 220 na nyutoni-mita 350. Kwa takwimu za kampuni yenyewe, GTI ilitoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa katika sekunde 6.5, na GTD katika sekunde 7.5. Kasi ya juu ya GTI ilikuwa kilomita 246 kwa saa, na ya GTD kilomita 230.

Tukizipima takwimu hizo, tutaona kwamba petroli ilikuwa na nguvu zaidi kwa takriban asilimia 20, lakini ilipata kasi zaidi kwa asilimia 7 tu. Sababu ni upinzani wa hewa. Kadiri gari linavyokimbia, ndivyo hewa inavyolizuia, na nguvu inayohitajika kuishinda huongezeka kwa haraka kuliko kasi yenyewe. Ndiyo maana pengo la kasi kati ya dizeli na petroli huwa dogo kuliko watu wanavyodhani.

Katika matumizi ya mafuta, mambo yaligeuka. Vipimo rasmi vya Ulaya viliipa GTD lita 4.2 kwa kilomita 100, na GTI lita 6. Barabarani magari yote mawili hutumia zaidi ya hapo, lakini uwiano huo unaonyesha kile ambacho mnunuzi wa petroli hulipia ili apate ile sekunde moja.

Ushahidi wa viwanja vya mashindano

Mwaka 1952, katika mashindano ya Indianapolis nchini Marekani, gari la dizeli la kampuni ya Cummins lililoendeshwa na Fred Agabashian lilipata nafasi ya kwanza ya kuanzia, likiwa na kasi ya wastani ya takriban kilomita 222 kwa saa. Halikumaliza mashindano. Vipande vya mpira wa matairi viliziba njia ya hewa ya turbo yake, likajitoa. Hata hivyo lilikuwa limeonyesha kwamba dizeli inaweza kuyatangulia magari ya petroli.

Ushindi mkubwa ulikuja baadaye. Mwaka 1998, BMW ya dizeli ilishinda mashindano ya saa 24 ya Nürburgring, Ujerumani. Mwaka 2006, Audi R10 TDI ikawa gari la kwanza la dizeli kushinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Injini yake ilikuwa ya silinda 12 na lita 5.5, yenye nguvu za farasi zaidi ya 650. Kuanzia mwaka huo hadi 2014, kila mshindi wa Le Mans alitumia dizeli: Audi mara nane na Peugeot mara moja, mwaka 2009, ingawa magari ya Audi yaliyoshinda tangu 2012 yaliongezewa pia mota ya umeme.

Waafrika nao wana sehemu katika historia hiyo. Mwaka 2009, Giniel de Villiers wa Afrika Kusini alishinda mashindano ya Dakar, yaliyofanyika Argentina na Chile, akiendesha Volkswagen Touareg ya dizeli. Dizeli haikuwahi kushinda Dakar kabla ya hapo. Volkswagen ilirudia ushindi huo mwaka 2010 na 2011.

Ni haki kuongeza kwamba kanuni zilichangia. Huko Le Mans, dizeli yenye turbo iliruhusiwa injini ya lita 5.5, ilhali petroli yenye turbo iliwekewa kikomo cha lita 4. Aidha, mashindano ya saa 24 humpa faida anayesimama mara chache kujaza mafuta, na lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa takriban asilimia 10. Mwaka 2015 Porsche, ndugu wa Audi katika kundi lilelile, ilishinda Le Mans kwa injini ndogo ya petroli iliyosaidiwa na umeme. Mwishoni mwa 2016 Audi ilijiondoa.

Kwa kasi tupu ya mstari mnyoofu, rekodi ya dizeli iliwekwa Agosti 2006 katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani. Gari la JCB Dieselmax, likiendeshwa na Andy Green, lilifikia kilomita 563 kwa saa kwa injini mbili zilizotokana na zile za mitambo ya kuchimbia mitaro. Hata hivyo, tangu 1947 Mwingereza John Cobb alikuwa ameshafikia kilomita 634 kwa saa papo hapo Bonneville, kwa injini za petroli zilizobuniwa kwa ajili ya ndege.

Vilima vya Kigali na hewa nyepesi

Takwimu za viwandani hupimwa katika mazingira yanayokaribia yale ya usawa wa bahari. Kigali iko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa huo, na shinikizo la hewa yake ni takriban asilimia 85 ya lile la Mombasa au Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo, inayojivutia hewa yenyewe, hupoteza karibu kiasi hichohicho cha nguvu. Gari la petroli lenye nguvu za farasi 100 pwani huwa na takriban 85 likipanda kuelekea Shyorongi.

Turbo hurudisha sehemu kubwa ya hewa iliyokosekana. Karibu magari yote ya kisasa ya dizeli yana turbo, ilhali mengi ya petroli ya miaka iliyopita hayana. Hii ni sababu moja ya dizeli kusifiwa katika nchi za milima, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini mwenye kustahili sifa zaidi hapo ni turbo. Gari la petroli lenye turbo hupanda mlima uleule bila kuona aibu.

Gharama iliyofichika

Kasi ya dizeli ina bei yake katika moshi. Septemba 2015, mamlaka za mazingira za Marekani zilitangaza kwamba Volkswagen iliweka katika magari yake ya dizeli programu ya kuhadaa vipimo vya moshi. Kampuni ilikiri kwamba takriban magari milioni 11 duniani yalihusika. Yakiwa kwenye kipimo yalitoa moshi safi, na barabarani yalitoa gesi za naitrojeni kupita kiwango kinachoruhusiwa. Kashfa hiyo ilifichua ugumu wa kuipa dizeli nguvu, matumizi madogo ya mafuta na moshi safi kwa bei nafuu, vyote kwa wakati mmoja.

Kwa Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Tangu Januari 2015, nchi za jumuiya zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika kila milioni. Hiyo ni hatua kubwa, lakini dizeli ya Ulaya ina kikomo cha sehemu 10. Rwanda huendesha upande wa kulia, tofauti na Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hiyo gari lililotumika Ulaya lenye usukani kushoto huingia kwa urahisi, pamoja na kichujio chake cha masizi kilichobuniwa kwa mafuta ya huko. Kichujio hicho huhitaji safari ndefu ili kipate joto la kuyachoma masizi. Gari linaloishi katika foleni za Remera na Nyabugogo laweza kukiziba, na kukibadilisha ni gharama kubwa.

Mshindani wa tatu

Siku tatu kabla ya uzinduzi wa Masoro, tarehe 24 Juni 2018, gari la umeme la Volkswagen lililoendeshwa na Romain Dumas lilipanda mlima Pikes Peak, Marekani, kwa dakika 7 na sekunde 57.148. Rekodi ya awali ya Sébastien Loeb, iliyowekwa mwaka 2013 kwa gari la petroli lenye turbo, ilikuwa dakika 8 na sekunde 13.878. Mashindano hayo humalizikia mita 4,302 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni hafifu mno kwa injini yoyote ya mafuta. Mota ya umeme haihitaji hewa ya kuchomea kitu.

Oktoba 2019, Volkswagen na Siemens zilileta Kigali magari ya kwanza ya umeme aina ya e-Golf kwa majaribio. Katika mji ulio juu na wenye miteremko, ambako gari la umeme hurudisha sehemu ya nishati linapofunga breki, hoja ya umeme ina uzito kuliko ilivyo katika miji mingi ya tambarare.

Mnunuzi azingatie nini?

Anayesafiri mara kwa mara kwenda Musanze, Huye au Rusumo akiwa na abiria na mizigo atafaidika na dizeli: itavuta vizuri mlimani na kutumia mafuta kidogo. Anayezunguka mjini kwa safari fupi atapata usumbufu mdogo kwa petroli, hasa yenye turbo. Na anayetafuta kasi ya juu kabisa ajue kwamba petroli ingali mbele, ila kwa pengo ambalo barabara za Rwanda hazina nafasi ya kulionyesha. Tangu 2015, magari ya abiria na ya mizigo yanatakiwa kuwa na vidhibiti mwendo vyenye kikomo cha kilomita 60 kwa saa, na kamera za barabarani hazimuulizi dereva anatumia mafuta gani.