TYUBU YA BAISKELI ILIMPA JINA, HELA WAKALA WENGINE

Belfast, mwaka 1887. Kuna daktari mmoja wa mifugo, Mskoti mwenye ndevu ndefu. Mwanaye ana baiskeli ya magurudumu matatu, ila matairi ya enzi hizo yalikuwa mpira mgumu tu, hayana upepo. Dogo akipita barabara za mawe anatikisika mpaka meno.

Mzee akagundisha mpira mwembamba ukawa kama bomba, akaufunga kwa kitambaa kwenye gurudumu la mbao, akaujaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu. Kisha akaliviringisha uani, halafu akaviringisha na gurudumu la zamani. La zamani likaishia njiani, likalala. La upepo likaenda mpaka getini likadunda!

1888 akapata hati. Watu wakayacheka matairi yale, manene eti kama soseji. Mei 1889 jamaa mmoja akaingia nayo kwenye mashindano hapo hapo Belfast, akabeba mbio zote nne. Nani acheke tena?

Sasa sikia hii. Kumbe Mskoti mwingine alishachukua hati ya tairi la upepo tangu miaka ya 1840, kwa ajili ya magari ya farasi, ikasahaulika. Hati ya daktari ikakosa nguvu. Jina lake mpaka leo unalisoma kwenye matairi, ila utajiri mkubwa ulienda kwa wengine.

Na pancha je? Tairi lake lilikuwa limegandishwa kwenye ringi, kuliziba ni kazi ya masaa, kisha usubiri gundi ikauke. Ndugu wawili wa Clermont-Ferrand, Ufaransa, yaliwakuta hayo, na 1891 wakaleta tairi la kufungua. Mwaka huo huo aliyeshinda mbio za Paris hadi Brest na kurudi, zaidi ya kilomita 1,100, alikuwa amelifunga. Fundi wa mtaani anayechomoa tyubu na kuizamisha kwenye beseni atafute mapovu, anatembelea njia ileile.

Ila mpira ulitoka wapi? Mwingine Brazil, mwingine Kongo, iliyokuwa mali binafsi ya mfalme wa Ubelgiji. Wanakijiji walilazimishwa kugema. Kiwango kisipofika, viboko, wake zao kushikwa mateka, wengine wakakatwa mikono. Mfalme alinyang'anywa Kongo mwaka 1908, baiskeli zikiwa zimeshajaa Ulaya nzima.