Kutoka Biafra hadi Mwembe Yanga: kushoto ni wapi?

Viwanja vya Biafra, Kinondoni, vimepokea mikutano ya hadhara ya vyama vya kila rangi, na vijana wengi wanaokwenda pale hawana habari kwamba jina hilo ni la vita vya Nigeria. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria chini ya Ojukwu. Hapo ndipo aliyezoea kuigawa dunia kwa mrengo wa kushoto na wa kulia anapopotea njia. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumetangaza Azimio la Arusha na kutaifisha mabenki. Kwa kipimo cha Ulaya, sisi ni kushoto tu. Lakini waliotufuata kuitambua Biafra walikuwa Gabon, kisha Ivory Coast ya Houphouët-Boigny, kipenzi cha Ufaransa na mabepari, ndipo ikaja Zambia. Wasovieti, waliodhaniwa wenzetu, waliipa serikali ya Nigeria mjini Lagos ndege za kivita, na Waingereza nao wakaipa silaha. Moscow na London upande mmoja, Dar es Salaam na Abidjan upande mwingine!

Mgawanyo wenyewe ulianzia kwenye viti. Katika Bunge la Ufaransa la 1789, waliomtetea mfalme walikaa kuume kwa mwenyekiti, na waliotaka kumpunguzia madaraka wakakaa kushoto. Tangu hapo kila nchi imeyapa majina hayo maana yake. Marekani, anayetaka serikali igharimie matibabu ya kila mtu huhesabiwa wa kushoto. Uingereza, hata chama cha Conservative huapa kuilinda huduma ya afya ya umma iliyoanza mwaka 1948.

Kwa jirani zetu wa Kenya, waraka wa serikali wa 1965 ulibeba jina la ujamaa wa Kiafrika huku ukilinda mali binafsi. Oginga Odinga na Bildad Kaggia, waliotaka ujamaa wa vitendo, walitoka chama tawala cha KANU mwaka uliofuata wakaunda KPU, kikapigwa marufuku 1969.

Na sisi tusijione tofauti sana. Mlimani, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa jarida la Cheche wakidai ujamaa usiobabaisha. Mwaka 1970 serikali ya kijamaa ikalifunga jarida la wajamaa, ikisema nchi haihitaji itikadi za kuazima.

Vyama vingi viliporudi 1992, mtu angetarajia kulia na kushoto vijitenge. Temeke ilijibu vingine. Katika uchaguzi mdogo wa 1996 wapiga kura walimpa ubunge Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa serikali ya CCM. Walimpenda kwa kuwakemea vigogo. Nadharia ya uchumi haikuwahusu.

CHADEMA nacho kiliasisiwa na Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliyejiuzulu uwaziri wa fedha 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya IMF. Chama kikaingia katika umoja wa kimataifa wa vyama vya kulia, pamoja na Conservative. Kulia kabisa, basi? Mwaka 2010 mgombea wake wa urais, Dk. Willibrod Slaa, aliahidi elimu bure. CCM, ambayo katiba yake inahubiri Ujamaa na Kujitegemea, ikaibeza ahadi hiyo. Miaka mitano baadaye ikaiweka kwenye ilani, na Januari 2016 ada za shule za serikali zikaondolewa hadi kidato cha nne.

Kwa maoni yangu, mstari unaowagawa wapiga kura wetu ulichorwa Mwembe Yanga, Temeke, Septemba 15, 2007, pale Slaa aliposoma orodha ya vigogo kumi na mmoja aliowatuhumu kwa ufisadi. Swali likawa nani anakula na nani analiwa. Edward Lowassa wa CCM, wakati huo Waziri Mkuu, alitajwa katika orodha hiyo. Julai 2015 akahamia CHADEMA, akapewa tiketi ya urais, na Slaa akaachana na chama. Rais Magufuli wa CCM akaja kumteua Slaa balozi nchini Sweden. Lowassa akarudi CCM Machi 2019.