Vitz na Subaru Uwanja Mmoja: Haki Iko Wapi Kwenye Autokrosi?

Mpwa wangu anaishi Kawangware, na gari lake ni Toyota Vitz ya sisi 1,000 ambayo mlango mmoja una rangi tofauti na mitatu iliyobaki. Mwezi jana nilipofika Nairobi kwa shughuli za kifamilia, aliniamkia, akanimiminia chai, kisha akauliza: "Mjomba, nikiingia autokrosi na hii Vitz si nitachekwa?"

Swali hilo halikuwa la mzaha. Siku chache kabla, dadangu alikuwa amenipigia simu kutoka Mombasa akilia kwamba mwanawe hushindana na wenzake usiku wa manane katika Barabara ya Ngong. Nikimjibu kijana kwamba atachekwa, atarudi barabarani, ambako hakuna anayecheka wala anayezuia.

Jumapili hiyo tulikutana mjini, tukaswali Adhuhuri Msikiti wa Jamia, tukateremka Railways kupanda matatu ya 111 hadi uwanja wa maonyesho wa Jamhuri. Tulifika raundi za mwisho zikiendelea. Nayaandika haya kwa ajili yake, na kwa vijana wetu wa Pwani wenye gari dogo na moyo mkubwa.

Autokrosi ni nini?

Ni mbio za gari kwenye njia fupi iliyofungwa, juu ya udongo au nyasi, na mpinzani mkuu wa dereva ni saa. Unazunguka, muda wako unaandikwa, unatoka, anaingia mwingine. Baada ya raundi kadhaa, muda wa kila mmoja unalinganishwa. Njiani hakuna bodaboda, hakuna mama anayevuka na mtoto, hakuna lori lisilo na taa.

Hapa Kenya mchezo huu uko chini ya shirikisho la michezo ya magari, KMSF, na una ubingwa wake wa taifa. Marekani hufanyika sana kwenye lami ya maegesho, njia ikichorwa kwa koni. Katika mashindano ya chama cha SCCA ukigonga koni moja unaongezewa sekunde 2. Kwetu sisi vumbi ndilo jambo la kwanza utakalorudi nalo nyumbani.

Kwa nini magari hayalingani?

Nguvu ya injini ni sababu moja tu. Kuna uzito, kuna tairi, kuna turbo, na kuna suala la magurudumu yanayosukuma. Vitz ya kawaida husukumwa na magurudumu mawili ya mbele. Ukikanyaga mafuta mengi kwenye kona yenye udongo mlegevu, pua inakataa kukata, gari linaendelea mbele kama punda aliyeona nyumbani. Subaru Impreza ya turbo husukumwa na magurudumu yote manne, hivyo hutoka kwenye kona ile ile huku ikikwangua ardhi pande zote.

Hata zamu ya kuingia ina athari. Anayetangulia kwenye njia ya murram hufagia changarawe kwa ajili ya wenzake, na anayekuja mwisho huweza kukuta njia safi au mashimo matupu. Ndiyo maana mratibu mwema huangalia zamu zisimwonee mtu mmoja raundi zote.

Njia za kusawazisha

Ya kwanza ni makundi. Katika autokrosi ya Kenya utasikia makundi ya magurudumu mawili bila turbo, magurudumu mawili yenye turbo, magurudumu manne bila turbo, magurudumu manne yenye turbo, na kundi la bagi zilizoundwa kwa mchezo wenyewe. Watoto wana makundi yao, Bambino na Peewee, yenye bagi ndogo. Kwa mpangilio huo Vitz haikutani na Impreza kabisa kwenye karatasi ya matokeo, ingawa zimezunguka uwanja mmoja siku moja.

Ya pili ni hesabu ya injini. Kanuni za FIA, shirikisho la dunia, kwa muda mrefu zimezidisha ukubwa wa injini ya petroli yenye turbo kwa 1.7. Injini ya sisi 2,000 yenye turbo huhesabiwa kama ya 3,400. Turbo haikatazwi, ila inapelekwa kwa wakubwa wenzake.

Ya tatu wengi wetu tumeisahau, na ilizaliwa hapa hapa. Mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953, zikiitwa East African Coronation Safari, magari yaligawanywa kwa bei yake dukani na si kwa ukubwa wa injini. Tena mwaka huo wa kwanza hakukutangazwa mshindi wa jumla. Kila kundi lilikuwa na wake. Nilipomweleza mpwa wangu alicheka: "Kumbe wazee waliona pesa ndiyo injini kubwa." Aliona sawa. Tukikumbuka magari ya Safari yalivyopungiwa bendera pale KICC mwaka 2021, mbio ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia, ni vigumu kuamini kwamba zilianza na magari ya kawaida ya dukani.

Ya nne ni kizidisho cha muda, kinachotumiwa sana Marekani. Kila kundi hupewa namba yake, na muda wa dereva huzidishwa kwa namba hiyo ili magari tofauti yaweze kulinganishwa. Tuseme Vitz imetumia sekunde 112 na namba yake ni 0.82: inapata 91.84. Impreza imetumia sekunde 98 na namba yake ni 0.95: inapata 93.1. Namba hizi ni za mfano tu, lakini funzo liko wazi: Vitz imeshinda. Kasoro yake ni kwamba mtazamaji ukingoni ameona Impreza ikipita kwa kasi zaidi, na sasa anaambiwa imeshindwa. Namba zikipangwa vibaya, ugomvi huhama uwanjani ukaenda kwenye kikokotoo.

Ya tano ndiyo rahisi kuliko zote: gari moja, madereva wengi. Wekeni Vitz moja, kila mtu azunguke nayo, tuone nani dereva. Kwa klabu ndogo ya marafiki sijaona haki iliyo safi zaidi ya hiyo, ilimradi mwenye gari awe na roho ngumu.

Haki ikizidi, raha hupungua

Makundi yana mpaka wake. Ukigawa magari 20 katika makundi 12, kila mtu atarudi na kikombe na hakuna aliyeshindana. Ukiyaweka yote kundi moja, mwenye pesa atashinda kila wiki, na wenye Vitz na Starlet wataacha kuja mmoja mmoja. Kwa maoni yangu, kundi lisilo na magari manne au matano liunganishwe na jirani yake.

Kisha kuna werevu. Mtu husema gari lake ni la kawaida, kumbe ameligusa kila mahali isipokuwa redio. Mwingine huendesha polepole raundi za mwanzo ili asogezwe kundi la chini. Dawa yake ni wakaguzi wanaofungua boneti, na kanuni zilizoandikwa kabla ya siku ya mbio. Kanuni inayobadilishwa adhuhuri kwa sababu ya mtu mmoja si kanuni.

Lakini nilichokiona Jamhuri kilinifurahisha. Kelele kubwa zaidi ukingoni hazikuwa za gari lenye kasi kuliko yote. Zilikuwa za gari dogo la magurudumu mawili lililoingia kona kwa breki ya mkono, mkia ukazunguka, likatoka kwa nafasi ya kiganja. Dereva wake hakuwa karibu na muda bora wa siku. Aliposhuka alitazama ubao, akaona amepunguza sekunde 3 kwenye muda wake wa raundi iliyopita, akaruka kama mtoto. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: huyo alishinda.

Kabla hujajiandikisha

Uliza mambo haya:

- Kundi langu ni lipi, na kuna magari mangapi ndani yake?
- Muda unahesabiwaje: raundi bora, au jumla ya raundi zote?
- Adhabu ya kugonga alama au kukosea njia ni sekunde ngapi?
- Nani hukagua magari, na malalamiko hupelekwa kwa nani?
- Natakiwa niwe na vifaa gani vya usalama, na leseni gani ya mchezo?

Nawe kagua breki, mikanda na tairi, na utoe kila kitu kinachoweza kuruka ndani ya gari. Chupa ya maji ikijikunja chini ya pedali ya breki haiulizi uko kundi gani.

Tulipokuwa tukirudi kutafuta matatu, kijana alikuwa kimya. Alikuwa amepiga picha ya ubao wa matokeo, anavuta picha, anasoma muda wa magurudumu mawili bila turbo. "Mjomba, hawa si mbali sana na mimi," akasema. Nikamwambia helmeti nitamnunulia, kwa sharti moja: Barabara ya Ngong usiku iwe mwisho. Akanyamaza kidogo, kisha akanipa mkono.

Najua wazazi wengi wa Mombasa, Malindi na Kilifi wenye kijana kama huyu, na nyoyo zao hushtuka simu ikilia saa nane za usiku. Kuwakataza pekee hakujasaidia. Kaunti zetu zina viwanja vya udongo vinavyolala mwaka mzima, na mafundi na madereva tunao. Kiwanja kimoja, Jumapili moja kwa mwezi, gari la wagonjwa kando na makundi yaliyopangwa kwa haki, vitawatoa vijana wengi barabarani kuliko hotuba. Asiyekubali kushindwa si mshindani, walisema wazee. Sisi tuwape mahali ambapo kushindwa hakumpeleki mtu kaburini.