Nadharia Tamkwa na Nadharia Tendwa

Shuleni tumezoea mtihani wa nadharia na mtihani wa vitendo, kila mmoja na siku yake. Chris Argyris na Donald Schön, katika kitabu chao cha mwaka 1974, walivunja mpaka huo: kila kitendo kimebeba nadharia ndani yake. Kwao mtu ana nadharia mbili. Moja huitaja akiulizwa anafanyaje kazi. Nyingine huonekana akitazamwa akiifanya. Mkurugenzi husema anapenda kuambiwa ukweli, na hasemi uongo, lakini kikaoni humkatiza kila aletaye habari mbaya. Wafanyakazi huifuata hiyo ya pili.

Mwaka 1991 Argyris, aliyekuwa akifundisha Harvard, aliandika kuhusu washauri wa menejimenti, wasomi wanaolipwa ili watatue matatizo ya kampuni za wengine. Kwa maneno, hakuna aliyewazidi kupenda kujifunza. Kazi yao wenyewe ilipojadiliwa, lawama ziliwaendea mabosi, malengo yasiyoeleweka na wateja. Kwa Argyris, usomi wao ndio uliowaponza: walizoea kufaulu, kwa hiyo hawakujua kujifunza kutokana na kushindwa. Nadharia iliyowaendesha ilikuwa hii: mambo yote yawe mikononi mwako, ushinde, ufiche uchungu, uonekane mtu wa hoja. Mshauri wa namna hiyo hutafuta chanzo cha tatizo kila mahali isipokuwa kwenye kiti alichokalia.

Tuziiteje nadharia hizi mbili kwa Kiswahili? “Nadharia tajwa” haifai, kwani katika barua za kiofisi “tajwa” ni kile kilichokwisha kutajwa hapo juu. “Imani” inakaribia, ila inavuta fikra za dini, tena inamtuma msomaji akachungulie moyoni. Nafuata muundo wa “lugha lengwa”: nadharia tamkwa na nadharia tendwa. Najua “tendwa” itamkwaruza aliyezoea kutenga nadharia na vitendo. Na imkwaruze, maana utengano huo ndio Argyris alioupinga. Naye ushahidi aliutafuta katika mazungumzo halisi: alimwomba mtu aandike upande wa kulia wa karatasi maneno waliyojibizana na mwenzake, na upande wa kushoto yale aliyoyawaza akayameza. Nadharia tendwa husomwa kwa kulinganisha pande hizo mbili.