Mchoro hauachwi nyuma: historia ya kuunda roboti ndani ya kompyuta

Fundi seremala yeyote wa Goma, Bukavu ao Uvira anajua kwamba ubao ukisha katwa haurudi. Ndiyo maana anapima mara mbili kabla ya kushika msumeno.

Wanafunzi wanaounda roboti za mashindano wanafuata sheria hiyo hiyo, ila wao wanapimia ndani ya kompyuta. Kazi hiyo inaitwa CAD, yaani kuchora chombo kwa msaada wa kompyuta. Kila kipande cha chuma, kila skrubu na kila gurudumu vinachorwa kwa vipimo vyake vya kweli, kisha vinaunganishwa kwenye kioo kabla chuma chochote hakijakatwa. Kati ya watu walioijenga kazi hii kuna waliohama makwao, na kwa hiyo historia yake inatuhusu.

Hatua kubwa ilipigwa kunako mwaka wa 1963. Ivan Sutherland, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha programu yake iitwayo Sketchpad. Alichora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Tena aliweza kuipa kompyuta masharti: mistari hii miwili ilingane urefu, ile iwe sambamba. Kompyuta ilirekebisha mchoro yenyewe.

Wazo hilo lilisukumwa mbele na Samuel Geisberg, mtaalamu wa hesabu kutoka Leningrad aliyehamia Marekani mwaka 1974. Mwaka 1985 alianzisha kampuni ya PTC, na programu yake Pro/ENGINEER ikatoka miaka michache baadaye. Faida yake ni hii: ukibadili kipimo kimoja, sehemu zote zinazokitegemea zinafuata. Ukipanua gurudumu, tundu lake nalo linapanuka bila kuchora upya.

Lakini mchoro wa mistari hausomwi na kila mtu. Ili mzazi ao mfadhili aelewe, inatakiwa picha yenye rangi, kivuli na mng'ao wa chuma. Kutengeneza picha hiyo kunaitwa rendaringi. Hapa tumkumbuke Bui Tuong Phong. Alizaliwa Hanoi mwaka 1942. Mwaka 1954, nchi yake Vietnam ilipogawanywa, jamaa yake ilihamia Saigon. Baadaye alisoma Ufaransa, kisha katika chuo kikuu cha Utah, Marekani. Mwaka 1973 alieleza jinsi kompyuta inavyoweza kuhesabu mwanga kwa sehemu tatu: mwanga unaoenea kila mahali, mwanga unaopiga kitu na kutawanyika, na ule mng'ao mdogo unaometa kama jua juu ya sufuria iliyosuguliwa. Alikufa mwaka 1975, akiwa bado kijana. Hesabu yake ingali inatumika hadi leo.

Elimu hii iliwafikia wanafunzi wa sekondari kwa njia ya mashindano. Mwaka 1989 mvumbuzi Dean Kamen alianzisha shirika la FIRST. Mashindano yake ya kwanza ya roboti yalifanyika New Hampshire mwaka 1992, yakiwa na timu 28. Kwa miaka mingi timu zilipewa majuma sita tu ya kuunda roboti, na uzito usipite pauni 120, karibu kilo 54, bila kuhesabu betri.

Mchoro unasaidia hapo. Chukua kipande cha aluminiamu chenye sentimita 30 kwa 20, unene nusu sentimita. Ni sentimita za ujazo 300, na kila moja ina gramu 2.7. Uzito wake ni gramu 810. Ukitoboa matundu yanayoondoa nusu ya chuma, zinabaki gramu 405. Kompyuta inafanya hesabu hiyo kwa roboti nzima. Inaonyesha pia kama mkono utagonga gurudumu unapogeuka. Kosa hilo likionekana kwenye kioo, linafutwa. Likionekana kwenye karakana, chuma kimeharibika na pesa zimekwisha.

Zamani programu hizi zilidai kompyuta ya bei kali. Mwaka 2015 Onshape ilifunguliwa kwa watu wote. Inafanya kazi kupitia intaneti, hata kwenye simu, na mwanafunzi halipi. Mchoro hauwekwi ndani ya mashine yako. Unatunzwa mbali, kwenye kompyuta za kampuni. Kwa jamaa iliyokimbia, jambo hili si dogo. Mashine inaweza kuporwa, nyumba inaweza kuachwa usiku, lakini kijana akipata simu na mtandao anafungua kazi yake pale alipoishia. Na kukimbia hakumfungii mtu mlango wa mashindano: mwaka 2017, mjini Washington, timu za nchi zaidi ya 150 zilikutana kwa FIRST Global, na kati yao ilikuwamo Team Hope, vijana wakimbizi wa Syria waliotoka Lebanon.

Hata hivyo picha nzuri si roboti. Kwenye kioo skrubu hailegei, betri haiishi nguvu, na mnyororo haujai vumbi. Timu nzuri inachora, inajenga, inajaribu, kisha inarudi kusahihisha mchoro.

Na pale ambapo hakuna umeme wala mtandao, daftari la miraba, rula na penseli vinafundisha mwanzo ule ule: kupima, kugawa kitu katika sehemu, kufikiri kabla ya kukata. Mzazi ukimwona mtoto wako kambini anachora gari la waya, na pembeni ameandika vipimo, usimwambie anapoteza wakati. Mwulize tu gurudumu lina sentimita ngapi.